Leseni Inaanzia Kwenye Faili Lako

Mdogo wangu wa Msimbazi Bondeni, barua yako imenikuta kibandani soko la Karume, belo la mitumba halijafunguliwa na wateja wa asubuhi wameshaanza kunichungulia. Nimeisoma yote. Umetimiza miaka 18, makao ya watoto uliyolelewa yamekuaga vizuri, sasa unalala kwa rafiki yako, na kuna mzee mwenye kirikuu hapo Kariakoo amekuahidi kazi ukimletea leseni. Unataka kujua chuo gani cha udereva kinafaa, kama huyo kaka anayesema atakupatia leseni bila kuingia darasani ni wa kuaminika, na kama umwambie bosi kwamba hukulelewa na wazazi. Nitakujibu yote. Ila niruhusu nianzie nyuma, maana maswali yako yanahusu gari, na wewe shida yako ya kwanza si gari. Ni makaratasi.

Wenzako wenye baba na mama hawalijui hili, kwa hiyo usitegemee watakushtua. Wao wakifikia umri wa leseni, mama anavuta begi uvunguni: cheti cha kuzaliwa hiki hapa, namba ya NIDA ya baba yako hii hapa, haya nenda. Begi lako wewe liko kwenye kabati la ofisi ya mtu.

Tuanzie mwisho turudi mwanzo. Leseni inatolewa na TRA kwa kushirikiana na polisi wa usalama barabarani, na huipati bila TIN. TIN huipati bila namba ya NIDA. NIDA nao wanataka cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa na habari za wazazi. Cheti cha kuzaliwa kinatoka RITA, na RITA wanataka ushahidi kwamba ulizaliwa, lini, wapi, na nani. Kwa hiyo mtoto wa makao akisema anataka kuendesha gari, kazi yake ya kwanza ni kuthibitisha kwamba alizaliwa. Inachekesha na inauma, lakini ndivyo ilivyo, na ukilijua mapema hutazunguka miezi kwenye madirisha ya ofisi.

Habari njema ni kwamba ushahidi huo upo. Mtoto haingii kwenye makao ya watoto kama mgeni anavyoingia gesti. Kuna faili. Humo mara nyingi utakuta amri ya mahakama, na kwa Dar es Salaam Mahakama ya Watoto iko Kisutu. Utakuta ripoti ya afisa ustawi wa jamii inayoeleza ulipatikana wapi na katika hali gani. Kama uliokotwa au ulitelekezwa, kuna taarifa ya polisi. Waliobahatika wana kadi ya kliniki. Ongeza vyeti vyako vya shule, maana navyo vinabeba jina na tarehe. Na kama hukukaa kituoni bali ulikuwa kwenye malezi ya kambo, au kwa familia ya kuaminika, basi faili liko kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri iliyokupeleka kwa walezi wako.

Nenda kachukue nakala. Usiende kama mtu anayeomba nauli. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mtoto haki ya jina, uraia na kuandikishwa kuzaliwa kwake, kwa hiyo cheti chako si zawadi ya mtu. Andika barua fupi, taja unachohitaji na unakihitaji kwa ajili gani, kisha omba wakugongee mhuri wa mapokezi kwenye nakala utakayobaki nayo. Huo mhuri una nguvu kuliko kuinua sauti. Siku ukiambiwa "barua yako hatujaiona," unaitoa mfukoni taratibu.

Hapa naomba niwageukie kidogo wale ambao bado wako ndani ya geti, wenye miaka 16 na 17. Ninyi ndio niliotamani hasa mwisome kona hii. Namba ya NIDA itasubiri mtimize 18, lakini cheti cha kuzaliwa hakisubiri. Anzeni sasa, wakati mama mlezi wa zamu bado anakujua kwa jina na anakumbuka ulifika ukiwa umevaa nini. Maafisa wanahamishwa, masista wanapangiwa kwingine, na aliyeandika ripoti yako leo anaweza kuwa Songea mwakani. Faili analolijua mtu linapatikana haraka. Lisilo na mtu linapangwa chini ya mengine mpaka wadudu walizoee.

Sasa fomu yenyewe. Fomu ya NIDA ina visanduku vya majina yako matatu, vya baba, vya mama, na mahali walikozaliwa. Mtoto wa familia anaijaza huku anakula muhogo. Wewe utafika kwenye kisanduku cha baba na kalamu itasimama. Najua vijana waliofika hapo wakaona bora waandike lolote: jina la mwalimu, la mlinzi wa kituo, au la mchezaji wa Simba. Nakuomba usifanye hivyo. Jina la uongo litapita leo, kisha litakusubiri mbele. Ukija kuomba pasi ya kusafiria, mkopo wa chuo au kuandikisha mwanao, yule baba uliyemtunga ataulizwa yuko wapi na alizaliwa wilaya gani, na wewe utakuwa umeshasahau ulichoandika.

Kama humjui baba, sema humjui, na hapo ndipo barua ya afisa ustawi wa jamii inapofanya kazi. Iwe na jina lako kamili, iseme ulilelewa wapi kuanzia lini, na kwamba habari za wazazi hazikupatikana. Kwenye usajili kuna mahojiano, na afisa wa uhamiaji anaweza kukuuliza bibi mzaa mama yako alitoka kijiji gani. Hakuonei, ndiyo kazi yake, tena hapa Ilala anakutana na watu wa kila mpaka. Usinune wala usilie. Mpe barua. Ukiweza, mwombe afisa ustawi akusindikize siku hiyo. Wapo wanaokubali, na wengi wangekubali kama wangeombwa.

Kitu kingine kinachowakwamisha watoto wa makao kuliko wengine ni majina kupishana. Ulipookotwa nesi alikupa jina moja. Kituoni wakakuongezea la mlezi. Shule ya msingi mwalimu akaandika alivyosikia. Kidato cha nne ukajaza mwenyewe ulilolipenda. Matokeo yake una vyeti vinne vya watu wanne. Vipange mezani vyote kabla hujaenda popote, uvilinganishe herufi kwa herufi, tarehe kwa tarehe. Tofauti ndogo ya herufi hunyooshwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa linataka hati ya kubadili jina. Chagua jina moja utakaloishi nalo, na kuanzia RITA mpaka TRA uandike hilohilo. Kuna binti alikuja hapa kibandani kununua sketi ya usaili, akanionyesha vyeti vyake: kimoja "Mwanaidi," kingine "Mwanahidi." Hiyo H moja ilimrudisha nyumbani mara kadhaa, na nauli ilikuwa yake.

Barua ya serikali ya mtaa nayo ina utamu wake. Huku kwetu, mtu wa Ilala Kota, wa Misheni Kota au wa Msimbazi Bondeni, anatambulika kwa mjumbe wake na kwa mwenye nyumba wake. Wewe unalala kwa rafiki, mjumbe hakujui. Usisubiri siku ya kuhitaji mhuri ndipo ukajitambulishe. Nenda wiki hii na mwenyeji wako, salimia, sema jina lako na unakaa chumba cha nani. Siku ya usafi ukionekana umeshika fagio, hilo nalo linaandikwa, ingawa si kwenye daftari. Mwezi ujao ukienda kuomba barua, mjumbe atakuwa anasema "kijana wetu huyu."

Na ukishazipata hizo karatasi, zitunze kama mtu wa bondeni. Tunaoishi huku tuliyaona mafuriko ya Desemba 2011, watu wakapanda juu ya mabati na kila kilichokuwa kabatini kikaenda na Mto Msimbazi. Januari 2022 soko letu la Karume likaungua usiku, na pamoja na mitumba zikateketea leseni za biashara, mikataba na vitambulisho vya watu. Kwa hiyo karatasi halisi ziwe kwenye mfuko wa nailoni mgumu, sehemu ya juu. Nakala moja iwe kwa mtu unayemwamini anayekaa mbali na mto. Zipige picha pia, ujitumie mwenyewe kwenye barua pepe. Simu ya Kariakoo ina wenyewe wengi.

Ukifika TIN utapumua, maana hiyo haina gharama. Akikutoza mtu kwa kukuombea TIN, amekutoza kwa kubonyeza. Ila sikiliza hapa, maana wengi wanaumia: sema wazi kwamba unataka TIN isiyo ya biashara, kwa ajili ya leseni ya udereva. Wapo vijana waliojaza kwamba wana biashara kwa sababu walidhani inaonekana nzuri zaidi, wakaja kujikuta wanadaiwa kodi na ritani za duka lisilokuwepo.

Kuhusu yule kaka wa leseni ya haraka: hapana. Sikukatazi kwa ajili ya dini tu. Trafiki wa leo hatazami kadi akaridhika kwamba inang'aa. Anaangalia namba kwenye mfumo. Kadi ikiwa feki wewe ndiye unayeshikwa nayo, kaka yuko chimbo lingine. Na hata kama angekupatia ya kweli kwa mlango wa nyuma, umewahi kuona kirikuu kikitoka Mtaa wa Narung'ombe saa nne asubuhi? Kimejaza mabelo mpaka juu ya kichwa cha gari. Nyuma yake guta, kushoto mama ameshika mtoto na ndoo, kulia bodaboda anapita pasipopitika. Utingo anapiga bodi kwa kiganja, "njoo, njoo, njoo... simama!", dereva anarudi rivasi kwa masikio, maana saitimira imezibwa na mzigo. Kiganja kikichelewa sekunde moja kuna mtu chini. Sasa wewe uwe pale na leseni uliyoinunua na mguu usioijua klachi. Mwenye baba akigonga mtu, ukoo unakaa kikao, unachanga, unakwenda kuomba radhi msibani. Wewe kikao chako ni nani? Nakwambia kwa ukali kwa sababu nakupenda.

Basi twende chuoni. Sitakutajia jina la chuo, ila nitakwambia namna ya kukipima. Kwanza uliza kama kimesajiliwa, na waonyeshe cheti bila kununa. Kisha uliza bei inajumuisha nini: je, leseni ya kujifunzia imo, jaribio limo, au ni mafuta na mwalimu tu? Watu wanavutwa na bei ndogo ukutani, halafu kila wiki kuna kamchango. Ada za serikali ukizijua hutababaishwa. Leseni ya kujifunzia, ile tunayoiita lena, ni shilingi 10,000 na inadumu miezi mitatu. Ada ya jaribio ni 3,000. Leseni yenyewe ya gari, tangu bajeti ya 2019, ni 70,000 kwa miaka mitano. Zamani ilikuwa 40,000 kwa miaka mitatu. Jumla 83,000 bila ya chuo. Anza kuiweka kando kidogokidogo, na usianze chuo kabla TIN haijatoka, maana lena inahesabu siku na haisubiri foleni ya NIDA.

Chagua gari la klachi. Wapo watakaokwambia siku hizi magari yote ni otomatiki, na kweli Dar imejaa IST. Lakini wewe hujifunzi ili ukampeleke shemeji saluni, wewe unatafuta kazi, na kirikuu cha Kariakoo kina gia za kukanyaga. Jifunze kunyanyua gari kwenye mlima bila kulizima na bila kurudi nyuma. Jifunze kipilefti, nani anampisha nani, maana watu wengi mjini wanapisha kwa ukubwa wa gari. Alama za barabarani zikae kichwani mpaka uziote. Kwenye makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na barabara ya mwendokasi pale Msimbazi si njia ya mkato hata kama ni tupu na bosi anapiga simu.

Hapa tofauti yako na wenzako inajitokeza tena. Kijana mwenye mjomba mwenye gari anarudi nyumbani akaegeshe, akatoe, akarudie kosa jioni. Wewe saa zako ni zile za chuo tu. Basi zitumie zote. Usikubali mkae wanafunzi watano garini, wewe ukaendesha dakika kumi halafu siku ikaandikwa imekamilika. Daftari lako mwenyewe liandike: tarehe, saa, umefanya nini. Na ukiwa kiti cha nyuma wakati mwenzako anaendesha, usichezee simu. Kosa la mwenzako ni somo umelipata bure.

Wasichana, njooni karibu. Wapo walimu wa udereva wenye heshima zao, na wapo wanaodhani mkono wao umezaliwa juu ya goti la mwanafunzi. Binti aliyetoka makao ndiye wanayemlenga, kwa sababu wamesikia hana kaka wa kuja kuuliza. Usiende peke yako na mwalimu barabara za mbali. Panda na mwanafunzi mwenzako kiti cha nyuma. Mkono wa kukuelekeza unashika usukani au gia, haushiki kitu kingine. Ukishikwa, sema kwa sauti hapohapo, shuka mahali penye watu, kisha toa taarifa ofisini na kwenye dawati la jinsia la polisi. Na usiende chuoni ukatangaza historia yako yote siku ya kwanza. Kule wewe ni mwanafunzi aliyelipa ada, basi.

Madaraja ya leseni uyaelewe kabla ya kulipa, maana hapa ndipo kazi yako ilipo. Daraja B linakuruhusu magari madogo ya binafsi. Kirikuu cha kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni gari la biashara, hapo unahitaji D. Ukienda na B peke yake ukamwambia mzee "leseni ninayo," trafiki wa kwanza mnyoofu atawaharibia siku wote wawili. Kwa hiyo tangu mwanzo waambie chuoni unataka B na D. Magari ya abiria ni madaraja ya C, nayo yanataka uzoefu na cheti cha mafunzo ya magari ya abiria, kwa mfano kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo au VETA. Halafu kuna LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inayowapima na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Hayo ni ya mbele. Ila yajue, kwa sababu dereva wa kirikuu anayetunza leseni yake ndiye dereva wa basi wa baadaye, na mshahara wa mwezi una usingizi kuliko hesabu ya kila jioni.

Nimesoma habari za Marekani kuhusu vijana kama wewe. Kule kikwazo ni kingine: wanaanza kuendesha kabla ya miaka 18, kwa hiyo lazima mtu mzima awasainie, na bima ya kijana ni ghali. Jimbo la Florida mwaka 2014 lilitunga sheria ya kuwalipia watoto walio kwenye malezi ya kambo gharama za kujifunza udereva, leseni na bima. Na Desemba 2020 Bunge la Marekani likaruhusu fedha za kuwasaidia vijana wanaotoka kwenye malezi zitumike kwa udereva na usafiri, mpaka dola 4,000 kwa mwaka kwa kijana mmoja. Sikwambii ili uwaonee wivu. Nakwambia kwa sababu watunga sheria wa nchi nyingine walikaa wakaona kwamba leseni kwa mtoto asiye na wazazi si anasa, na naandika haya nikijua wasomaji wangu wengine wanaendesha makao ya watoto na wengine wako ofisi za ustawi. Mnapompa kijana godoro na sufuria siku ya kumuaga, muwe mmeshamkabidhi cheti cha kuzaliwa na, ikiwezekana, ada ya chuo cha udereva. Godoro litachakaa kabla ya leseni kuisha muda.

Nafuu moja unayo wewe kuliko wale wanaoanza kabla ya 18: umeshatimiza umri huo, na hakuna anayekudai saini ya mzazi. Unajisainia mwenyewe.

Unachobaki kudaiwa ni mdhamini, na huyu hayumo kwenye sheria yoyote, yumo vichwani mwa mabosi wa Kariakoo. Mzee ana kirikuu chake kimoja, alichokinunua kwa jasho. Anampa kijana ufunguo asubuhi, jioni anataka hesabu yake. Lazima ajiulize: huyu akitokomea na gari namfuata wapi? Kwa mwenye kwao jibu ni rahisi, anamfuata kwao. Kwa hiyo usikasirike ukiulizwa nani anakujua. Mpelekee majina mapema. Mwalimu wako wa kidato cha nne, sista au padri, imamu wa msikiti unaoswali, mama lishe uliyemsaidia kubeba maji mwaka mzima, mwenye nyumba wa rafiki yako. Waombe ruhusa kwanza, uchukue namba zao, na umwambie bosi awapigie. Mtu akipigiwa ghafla bila kujua atasema "namfahamu kidogo," na hiyo "kidogo" itakumaliza.

Anza na udeiwaka. Dereva mwenye gari akiumwa au akienda msiba, wewe shika siku hiyo, rudisha gari likiwa limefutwa, hesabu kamili, mafuta yalivyokuwa. Mdhamini mzuri kuliko huyo sijamwona. Lakini kabla ya kugeuza ufunguo, hata wa siku moja, tazama bima kama iko hai, tazama matairi na breki. Bosi akisema "we nenda tu," muulize faini atalipa nani. Faini ya papo kwa papo ya gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, na makosa matatu kwa siku yanameza ulichopata na ulichokopa. Mkubaliane kabla: makosa ya gari yake, ya uendeshaji yako. Leseni yako halisi usimwachie mtu akae nayo kama rehani. Nakala mpe, hata tatu.

Na usisahau halmashauri. Jiji letu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, si kwa mtu mmoja. Mko wengi mliotoka makao mbalimbali mnaofahamiana. Mkiwa na leseni zenu, daftari la kikundi na barua ya afisa maendeleo ya jamii wa kata, mnaweza kuomba mpate chombo chenu. Msikimbilie mwaka huu. Kwanza mjuane nani anarudisha hela ya nauli aliyoazima.

Limebaki swali la bosi, na naona ndilo lililokufanya uandike barua yote. Hulazimiki kumwambia. Hakuna kisanduku cha hilo kwenye fomu ya kazi ya kirikuu. Ila watu wa Kariakoo wanapenda kuuliza "kwenu wapi?" kabla hata ya salamu kuisha, na ukijiumauma atadhani unaficha kesi. Mimi ningemwambia kwa sentensi moja, bila huzuni na bila kuomba kuhurumiwa: "Nimelelewa makao ya watoto, sasa nakaa Msimbazi Bondeni, mjumbe wangu ni fulani, namba yake hii." Akinyamaza kidogo, muache anyamaze. Akisema hawezi kumpa gari mtoto wa kituo, mshukuru uondoke. Kuna vibao vya "anahitajika dereva" mpaka Gerezani. Akiuliza unajua klachi, mwombe ufunguo.